Kwa nini samaki anakata roho hewani, penye oksijeni tele kuliko baharini?

#1 Mchuuzi_wa_Feri
Wakuu, salaam. Leo alfajiri nilikuwa sokoni Feri hapa Mtwara nikipanga mafungu ya changu, na mwanangu wa darasa la sita, ambaye yuko likizo, akaniuliza swali lililoniacha nimeshika kisu mkononi. Amesoma shuleni kwamba hewa ina oksijeni asilimia 21 na kwamba majini oksijeni ni kidogo sana. Sasa, ikiwa changu na binadamu wanahitaji oksijeni ileile, mbona changu akitolewa majini anatapatapa na kufa, wakati ameletwa mahali penye utajiri wa kile anachokitafuta? Nilimjibu kwamba samaki hupumua maji na sisi hupumua hewa. Akaniambia kwamba hilo ni swali lake lilelile, nimelirudisha tu. Nimekubali kushindwa. Wenye elimu na wenye uzoefu wa bahari, naombeni maelezo.

#2 Kaka_wa_Newala
Jibu ni rahisi, mkuu. Maji yameundwa kwa haidrojeni mbili na oksijeni moja. Samaki huyavunja maji, akachukua oksijeni na kuiacha haidrojeni. Hewani hakuna maji ya kuvunja, kwa hiyo mtambo wake unakosa malighafi. Uzi ufungwe.

#3 Mwalimu_Mstaafu_Lindi
Uzi usifungwe bado. Ndugu wa Newala, kosa hilo nimelisahihisha kwenye madaftari kwa miaka mingi, kwa hiyo usione haya. Oksijeni iliyomo katika muundo wa maji imefungamana na haidrojeni kwa nguvu ambayo hakuna samaki anayeweza kuikata. Anachotumia ni oksijeni nyingine, iliyotoka hewani ikayeyuka ndani ya maji kama sukari ndani ya chai, isipokuwa sukari huyeyuka zaidi chai ikiwa ya moto, ilhali oksijeni huyakimbia maji ya moto. Chemsha maji yatokote, yafunike yapoe bila kuyatikisa, kisha mtie perege mdogo. Maji ni yaleyale, haidrojeni mbili na oksijeni moja, lakini perege atahema juujuu kwa sababu ile iliyoyeyuka imekwishatoka.

Sasa nije kwa mtoto. Matamvua yamepangwa kama kurasa nyembamba mno za kitabu. Majini kurasa hizo huelea zikiwa zimeachana, maji yanapita katikati, na ngozi inayotenganisha maji na damu ni nyembamba kuliko unywele. Ukimtoa samaki nje, hakuna tena cha kuzishikilia: zinalaliana na kugandana, mfano wa nywele za mtu anayeibuka kutoka kuogelea. Eneo lililokuwa likipokea oksijeni linabaki sehemu ndogo tu ya lile la awali, na hata hicho kilichobaki kinaanza kukauka. Hewa imemzunguka pande zote, lakini hana pa kuipokelea.

#4 Binti_Mikindani
Ahsante, Mwalimu. Niongeze neno moja la lugha, kwa kuwa limenijia nikisoma. Matamvua ni pia zile nyuzi zinazoning'inia kwenye pindo la kikoi au shuka. Aliyelipa jina hilo pumulio la samaki alikuwa ameona sawasawa, kwa sababu kikoi kikiwa ndani ya beseni la maji nyuzi zake hutawanyika moja moja, na ukikitoa zinashikana kuwa vishungi. Bibi yangu lakini hasemi matamvua hata siku moja. Yeye husema mashavu, na sokoni humwamuru mchuuzi afunue shavu kabla ya kutaja bei.

#5 Mchuuzi_wa_Feri
Bibi yako ninamfahamu kwa tabia, ingawa si kwa sura. Wateja wa namna hiyo ndio wanaotunyima usingizi.

#6 Mvuvi_wa_Msangamkuu
Maelezo ya Mwalimu ninayapokea, lakini hayatoshi. Nimevua tangu nikiwa kijana na nimeona mambo ambayo kulaliana kwa kurasa peke yake hakuyaelezi. Dagaa ukimwaga ndani ya mtumbwi hufa karibu papo hapo. Changu anachukua muda. Mkunga unaweza kumtupa chini ya ubao, ukavua asubuhi yote, ukirudi pwani akakung'ata kidole. Je, kurasa za mkunga hazilaliani?

Jambo la pili ni kwamba changu aliyenaswa kwa mshipi na kuvutwa kwa nguvu hufa mapema kuliko changu yuleyule aliyeingia mwenyewe kwenye dema akakaa humo ametulia. Wote wawili ni changu, wote wawili wako hewani. Mimi ninaamini kinachomuua wa mshipi ni uchovu.

#7 Muuguzi_wa_Mtwara
Niwape upande wa binadamu, kwa sababu mapafu yetu nayo yangegandana kama matamvua yasingekuwa na ulinzi. Ndani ya mapafu kuna vifuko vya hewa takriban milioni 300 hadi 500, na vikitandazwa vyote vinafikia mita za mraba 70 hivi, eneo la nyumba ndogo ya familia. Vifuko hivyo ni vibichi ndani, na ubichi huwa na tabia ya kuvuta kuta zikutane. Mwili hutengeneza utelezi maalumu unaopunguza mvuto huo. Watoto njiti wengi huzaliwa kabla utelezi huo haujatosha, na nimekesha na watoto wa namna hiyo: kila pumzi wanaivuta kana kwamba ndiyo ya kwanza, mbavu zinabonyea, pua zinatanuka. Mama mmoja aliniambia, "Anahema kama samaki aliyetupwa mchangani." Nilinyamaza, lakini kwa kweli alikuwa amesema jambo la kitaalamu kuliko alivyodhani.

Vilevile nijibu swali ambalo halijaulizwa, yaani kwa nini sisi hatuwezi kupumua maji. Mtu aliyetulia hutumia oksijeni kiasi cha mililita 250 kwa dakika. Lita moja ya maji ya bahari ina mililita 5 hivi. Hata angekamua zote, angehitaji lita 50 kila dakika, na kwa kuwa mapafu yetu hukamua robo tu ya oksijeni inayoingia, zingehitajika lita 200. Hizo ni ndoo 10 za lita 20, ziingie kifuani na kutoka, kila dakika, hata ukiwa umelala.

#8 Kaka_wa_Newala
Ndoo kumi kwa dakika! Huku kwetu mlimani, miaka ya shida ya maji, ndoo kumi zilikuwa maji ya wiki. Ninaondoa hoja yangu ya #2, nikiomba isinukuliwe popote.

#9 Mhandisi_Mtulivu
Hesabu ya Muuguzi ni nzuri, lakini mililita 5 ni za maji ya bahari yenye ubaridi kidogo. Maji ya chumvi hubeba oksijeni pungufu kuliko maji ya mto yasiyo na chumvi, na maji ya joto pungufu zaidi. Kwa bahari yetu yenye nyuzijoto 28, kiasi kinakaribia mililita 4 na nusu, hata kama maji yameshiba hewa. Lita moja ya hewa ina mililita 210. Kwa hiyo samaki wa Mtwara anaishi katika mazingira yenye oksijeni pungufu zaidi ya mara 40 kuliko anayempanga fungu. Tena maji ni mazito takriban mara 800 kuliko hewa, kwa hiyo hata kuyasukuma tu ni kazi ngumu.

Ndiyo maana samaki hawezi kufanya kama sisi, kuvuta ndani na kutoa nje kwa njia ileile. Maji huingia mdomoni na kutokea ubavuni kupitia vifuniko, upande mmoja daima, nayo damu ndani ya matamvua hupita ikielekea kinyume cha maji. Mfikirie mnunuzi mwenye kapu tupu anayeingia Feri kwa mlango wa nyuma, ambako wachuuzi wamebakiwa na samaki wachache. Kadiri kapu linavyojaa ndivyo anavyofika kwa wenye mafungu makubwa zaidi, kwa hiyo mpaka anatokea mlango wa mbele kila aliyekutana naye alikuwa na cha kumwongezea. Kwa mpango huo samaki hodari huweza kukamua hadi asilimia 80 ya oksijeni iliyomo majini. Sisi tunavuta hewa yenye asilimia 21 na kuitoa ikiwa na 16, kwa sababu hewa mpya inachanganyika kifuani na mabaki ya zamani.

#10 Binti_Mikindani
Kwa hiyo samaki ni fundi kutushinda, ila amezaliwa mahali pa umaskini.

#11 Mama_Perege_Nachingwea
Habari zenu. Nina bwawa la perege, na umaskini huo anaousema Binti nimeuona kwa macho. Mwaka wangu wa kwanza nilirutubisha bwawa kwa samadi nyingi, maji yakawa ya kijani kibichi, nikajisifu. Siku moja kabla ya jua kuchomoza nikakuta perege wote wako juu, midomo nje, wanachapa maji kama wanaosali kwa haraka. Nikadhani wana njaa, nikawatupia pumba. Kulipopambazuka nilikuwa nimepoteza zaidi ya nusu.

Baadaye bwana samaki alinieleza kwamba ule ukijani hutoa oksijeni mchana, penye jua, lakini usiku nao unapumua na kuitumia, kwa hiyo saa mbaya ya bwawa ni ya alfajiri. Pumba nilizotupa ziliongeza balaa, kwa sababu kila kinachooza hula oksijeni. Midomo ile nje haikuwa inavuta hewa; walikuwa wanateka ule utando mwembamba wa juu kabisa wa maji, unaogusana na hewa.

#12 Kaka_wa_Newala
Mama Perege, pole. Lakini umenikumbusha kambale. Mjomba wangu hulima mpunga Kitere, na mvua zikinyesha usiku amewaona kambale wakijiburuta matopeni kutoka dimbwi moja hadi jingine. Nao ni samaki, wana matamvua, na hewani hawafi haraka. Mwalimu atasemaje?

#13 Mwalimu_Mstaafu_Lindi
Nitasema kwamba sasa unauliza vizuri. Kambale ana kiungo cha ziada juu ya matamvua, chenye umbo la kichaka au koliflawa, kilichojaa mishipa ya damu na kigumu kiasi cha kutolala kikiwa hewani. Anameza hewa na kuipitisha hapo. Kamongo wa Ziwa Viktoria amekwenda mbali zaidi, kwani ana mapafu kamili, na kamongo mzima akizuiwa asifike juu ya maji hufa kama mtu aliyezama. Mkunga wa Mvuvi hana mapafu, lakini jamii ya mikunga ina ngozi isiyo na magamba ya kueleweka, yenye utelezi, na mpumuo mwingine hupitia hapo maadamu ngozi haijakauka. Nendeni pia kwenye mikoko maji yakipwa, mkawaangalie wale samaki wadogo wenye macho juu ya kichwa wanaorukaruka matopeni: hubeba maji ndani ya mashavu yao na kupumua kwa ngozi na utando wa mdomo.

Suala la dagaa ni la ukubwa. Mnyama mdogo huunguza oksijeni kwa kasi kulingana na uzito wake, na hana akiba.

#14 Mwana_wa_Kilwa
Mmesahau mgeni wetu mkubwa. Septemba 2003 wavuvi walimnasa silikanti karibu na kisiwa cha Songo Mnara, wa kwanza kurekodiwa Tanzania. Wataalamu waliamini jamii yake ilikwisha pamoja na dinosaria, hadi mwaka 1938 Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, alipomwona mmoja katika samaki walioletwa na meli ya uvuvi. Silikanti hupumua kwa matamvua, lakini ndani ya kifua chake kuna pafu lililodumaa lisilofanya kazi, na kando yake kiungo kilichojaa mafuta kinachomsaidia kuelea. Kwa maana hiyo mababu zake walikuwa wakivuta hewa. Mwaka 1859 Charles Darwin alidhani kwamba pafu lilitokana na kibofu cha kuelea cha samaki. Wataalamu wengi wa leo wanaona mambo yalikwenda kinyume, pafu lilitangulia na kibofu kikafuata.

#15 Mvuvi_wa_Msangamkuu
Kibofu hicho ndicho watu wa kanda ya ziwa wanakiita bondo na kukiuza kwa bei inayotushangaza. Huku kwetu tunakijua kwa madhara yake. Chewa akivutwa kutoka kina kirefu hufika juu tumbo limesukumwa nje ya mdomo, kwa sababu hewa ya kibofuni imetanuka. Kwa hiyo Mchuuzi aongeze na hilo kwenye orodha ya vifo: kuna samaki anayekuja juu akiwa tayari ameumia ndani, na pumzi haihusiki.

Tena mnisikilize hili, maana swali la mtoto linasema samaki hufa hewani. Wengine hufa majini. Papa na jodari wakinaswa kwenye jarife usiku, asubuhi unawakuta wamekufa, na maji yamewazunguka muda wote.

#16 Mhandisi_Mtulivu
Jodari hana uwezo wa kusukuma maji kwa mdomo kama changu. Hupumua kwa kuogelea mdomo wazi, maji yakajipitisha yenyewe. Ukimsimamisha, umemziba pua. Baadhi ya papa wako hivyo, ingawa si wote, kwa kuwa wapo wanaolala chini kwenye mchanga na kupampu maji taratibu. Taa, ambaye mdomo wake uko upande wa chini, huvuta maji kwa matundu yaliyo nyuma ya macho ili asivute mchanga.

#17 Mkazi_wa_Msimbati
Nyangumi na pomboo je? Huku Msimbati nyangumi tunawaona wakipita miezi ya kusi, na watoto wote huwaita samaki.

#18 Mwalimu_Mstaafu_Lindi
Wana mapafu, kama nguva na kasa. Watoto waambiwe wautazame ule mvuke anaoupuliza akiibuka: hiyo ni pumzi iliyotoka kifuani.

#19 Mzamiaji_wa_Songosongo
Salaam. Sisi tunaozamia pweza na majongoo ya bahari kwa pumzi ya kifua tuna jambo la kuongeza kuhusu binadamu. Jamaa yetu mmoja alikuwa na mazoea ya kuhema kwa kasi mara nyingi kabla ya kuzama, akiamini anajaza oksijeni. Alikuwa akikaa chini muda mrefu kutushinda, tukamsifu. Siku moja aliibuka nusu ya njia akaishia, akazimia bila kupiga hata mkono mmoja. Tulimwahi, yuko hai, lakini hazamii tena. Daktari alitueleza kwamba kinachotulazimisha kuvuta pumzi ni hewa chafu ya kaboni inayolundikana kwenye damu, wala si kupungua kwa oksijeni. Ukihema kwa kasi unaifukuza kaboni, kengele inachelewa kulia, na oksijeni inakwisha kimyakimya. Je, samaki naye ana kengele hiyo?

#20 Muuguzi_wa_Mtwara
Daktari wenu amesema kweli, na ningependa kila mzamiaji wa Kilwa alisome chapisho lako mara mbili. Samaki ana kengele nyingine. Kwake kaboni huondoka kirahisi kwa kuwa inayeyuka sana majini, kwa hiyo mwili wake hupima zaidi oksijeni: ikipungua anaongeza kasi ya vifuniko, kama perege wa Mama wa Nachingwea.

Hapo ndipo ninapoanza kutilia shaka jibu la #3, Mwalimu uniwie radhi. Matamvua hayafanyi kazi ya kupokea tu. Kaboni inatokea hapo, na hata sumu ya amonia, ambayo sisi tunaigeuza na kuitoa kwa mkojo, samaki huitoa kwa matamvua. Akiwa nje ya maji, vyote hivyo vinakosa pa kutokea, damu inachachuka, na ule uchovu wa Mvuvi unaongeza asidi juu ya asidi. Huenda changu wa mshipi anakufa kwa uchafu uliozuiliwa kabla ya kufa kwa kukosa oksijeni.

#21 Mwalimu_Mstaafu_Lindi
Radhi umepata, lakini sikubali. Amonia huchukua muda kulundikana kufikia kiwango cha kuua, na changu wa juani hana muda huo. Oksijeni ndiyo inayotangulia.

#22 Mama_Perege_Nachingwea
Na jua lenyewe? Changu aliyelala kwenye ubao wa mtumbwi saa sita mchana si anapikwa pia? Mwili ukipata joto unataka oksijeni zaidi, wakati mlango umezibwa.

#23 Mchuuzi_wa_Feri
Wakuu, nimemsomea mwanangu uzi wote, isipokuwa #2 kwa ombi la mwenyewe. Anauliza ni kipi kinachotangulia, kurasa kulaliana, uchovu, uchafu au joto, na anasema jambo hilo linaweza kupimwa. Mvuvi wa Msangamkuu, unaonaje ukileta changu wawili, mmoja wa dema na mmoja wa mshipi?

#24 Mvuvi_wa_Msangamkuu
Bamvua likipita nitatega dema upande wa mwambani. Nitawaleta wakiwa hai ndani ya beseni la maji, wawe wa uzito mmoja, tuwatoe kwa pamoja kivulini ili Mama Perege asilaumu jua. Mtoto ashike saa. Mkunga pia nitamleta, ila mimi simshiki. Mtu wa Newala aje amshike mwenyewe.

#25 Mwalimu_Mstaafu_Lindi
Changu wawili hawatoshi kuthibitisha chochote. Walau kumi kwa kumi.

#26 Mchuuzi_wa_Feri
Kumi kwa kumi ninakubali, Mwalimu, na wote nitawanunua mimi. Lakini Mvuvi aelewe mapema kwamba kipimo kikiisha nitalipa bei ya samaki aliyekwishakufa.